Sahani za Watu

Usinunue kikombe kwa macho.
Nilifundishwa hilo na Nyanzobe Lugwisha,
muuza vyombo vya zamani pale Mlango Mmoja,
katikati ya nguo za watoto na mikanda ya Ulaya.
Kitundike kidoleni, alisema,
kipige kwa ukucha, halafu nyamaza.
Kizima kitalia mpaka ukisikie kwenye jino.
Chenye ufa kitakujibu kama mtu aliyeamshwa: mm.

Nilikuwa na vyumba viwili vipya Nyasaka,
mshahara wangu wa tatu wa Bugando,
na nia ya kununua seti nzima Makoroboi,
sahani kumi na mbili zisizotofautiana hata kwa kosa,
ndani ya boksi lenye picha ya maua.
Siku hiyo nilifuata ndoo tu.

Kaure hii, alisema, imetoka nyumba ya Wahindi
iliyofungwa karibu na stesheni;
watoto wako Kanada, hawamimini tena chai kwenye kisahani.
Birika hili lilikuwa la karani wa pamba, Misungwi.
Sikumwamini hata robo.
Kila chombo chake kilikuwa na marehemu.

Nikainua bakuli juani.
Kidole changu kikaonekana upande wa pili,
kivuli cha waridi, kama furu kwenye maji haba.
Kizuri hakikosi ila:
ubavuni palikuwa na mstari wa rangi ya chai,
mwembamba kama unywele.
"Huo si ufa, ni uzee. Tia uji, hauvuji."
Bei ikashuka hata hivyo.

Lakini zilizonishika ni zile za bati,
nyeupe, ukingo wa bluu,
zimebanduka hapa na pale mpaka kwenye weusi.
Moja ina Ukerewe,
na Ukara kando yake, mahali pake kabisa.
Nikazigeuza.
Nyuma ya kila moja, kwa rangi nyekundu ya kucha:
K.M.
Na namba. Mbili, tatu, tano, sita, tisa,
kumi na moja, ishirini.

Aliyewahi kupika msibani anaijua alama hiyo.
Sahani huazimwa, huondoka kwenye beseni kichwani,
huoshwa kwa majivu na mikono isiyozijua,
na herufi mbili ndizo huzirudisha jikoni kwao.
Hizi hazikurudi.

"Unanunua matanga ya watu?" Milembe, dada yangu, kwenye simu.
Nyanzobe naye akacheka:
"K.M. nani? Kabula Masunga, Kulwa Mabula,
Kija Malimi. Nusu ya Usukuma ni K.M."
Akazifunga kwenye gazeti, zote saba.

Bakuli la kaure nikalipa michembe na karanga.
Namba tano ikapata sato.
Kijiko kilipogusa bati
nikasikia ua wa bibi, mvua, kuku,
mtu akikwangua ukoko.
Kaure haijui maneno hayo.

Aprili, jirani yangu Mama Ndaki alifiwa na kaka yake.
Vijana wakapita na beseni, nikatoa zote.
Nilishika kichupa cha rangi ya kucha,
nikakifungua,
nikakifunga.
Zilikuwa na mwenyewe tayari.

Siku ya nne beseni likarudi.
Nikahesabu mlangoni: saba.
Nane.

Ya nane ni ya kijani, nzito, ukingo umeliwa,
na nyuma haina herufi,
nukta tatu tu za msumari.
Nimeuliza nyumba kumi na moja,
kuanzia kwenye mawe mpaka barabara ya lami.
Hakuna anayeijua.
Nimeipiga kwa ukucha. Imesema tak,
kama mtu anayebisha hodi mara moja
na kusubiri.

Leo nimepakua ugali humo,
kiti nimekigeuza kielekee mlangoni,
endapo mwenyewe atapita.